Nionyeshe mama yake kwanza

Chui, mtoto wangu wa mbwa, alikaa kwangu siku 7. Aliingia Ijumaa jioni ndani ya boksi la sabuni, akatoka Ijumaa iliyofuata alfajiri ndani ya kanga yangu. Mwanangu wa mwisho, wakati ule ana miaka 9, alichukua jembe akachimba mwenyewe chini ya mwarobaini. Hakutaka nimsaidie. Mwaka wa pili huu, na bado nikifika upande ule wa ua ufagio unapunguza mwendo.

Naandika haya kwa sababu haupiti mwezi bila mtu kuniuliza, kazini au kwenye daladala la Pongwe, huku Tanga: "Sista, yule mbwa wako umempata wapi?" Wanamwona Tausi getini, masikio yamesimama, manyoya yanang'aa, wanadhani kuna duka nimelificha. Nikianza kueleza gari linafika kituoni. Basi leo nimekaa nimeyaandika yote.

Mimi ni muuguzi. Miaka 17 nimekaa kliniki ya watoto, nachoma chanjo na kujaza kadi. Mume wangu ni dereva wa lori, kwa mwezi analala nyumbani siku chache. Huku tulikojenga, nyuma ya Pongwe, nyumba nyingi zinatenganishwa na mihogo na vichaka, na usiku mmoja wezi waliingia wakabeba kuku 23 na mbuzi mmoja mwenye mimba. Hatukusikia kitu. Marehemu baba yangu alikuwa mlinzi kwenye shamba la mkonge na alitembea lindo na mbwa mmoja mkubwa, jemani shepadi, jina lake Bosi. Sisi watoto tulilala usingizi mzito kwa sababu ya Bosi. Kwa hiyo kuku walipoondoka sikuwa na swali ninataka mbwa gani.

Kosa langu lilikuwa kuanzia kwenye simu. Nilipata namba ya dalali mmoja wa Dar es Salaam. Kwanza sikujua kama ni dalali, alijiita mfugaji. Picha zilikuja 11 kwa dakika moja. "Dada, hawa ni pyua, mbegu safi. Wana wiki 8, wamechanjwa, minyoo wameshapewa dawa. Wamebaki wawili, na kuna mteja anakuja saa 10 kuwachukua wote." Nikamuuliza, mama yao yuko wapi? "Mama yuko shamba." Nikaomba video yake. Ikaja video ya jike mzuri mno, amelala juu ya vigae vyeupe, peke yake, bila mtoto hata mmoja ubavuni. Niliiangalia mara tatu na sikujiuliza wanaonyonya wako wapi. Nikatuma kianzio 150,000, na 200,000 nyingine alipomkabidhi kondakta.

Nilimpokea Chui stendi ya Kange. Alikuwa amewekwa kwenye buti, kati ya mabegi, saa sita na ushei za njia. Boksi lilikuwa na matundu mawili yaliyotobolewa kwa kalamu. Alikuwa amelowa mkojo wake mwenyewe, anatetemeka. Juu yake, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na kadi ya chanjo. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na siku ile mimi, mtu mzima, nililipia mnyama asafirishwe hivyo nikasema ahsante kwa kondakta.

Ile kadi ndiyo iliyonitoa wasiwasi. Ya njano, imekunjwa mara mbili, picha ya mbwa juu, ndani tarehe 3 na sahihi 3. Nikaona mambo yako sawa. Chui alipokwisha kufa ndipo niliiweka mezani chini ya taa nikaisoma kama ninavyosoma kadi ya mtoto aliyehamia kutoka zahanati nyingine. Tarehe zote tatu zimeandikwa kwa kalamu moja, wino mmoja, mkono haukuinuka. Kadi ya kweli haiwi hivyo. Kadi ya kweli hujazwa siku mbalimbali, mara bluu, mara nyeusi, mara kalamu imekaribia kuisha. Halafu chanjo yenyewe haina jina, imeandikwa tu "chanjo". Hakuna ile stika ndogo inayobanduliwa kwenye kichupa, yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hakuna muhuri, hakuna jina la daktari. Na nilipohesabu kurudi nyuma kwa umri waliodai, chanjo ya kwanza ilichomwa mtoto akiwa na wiki 2. Mtoto wa mbwa wa wiki 2 macho ndiyo kwanza yanafunguka. Chanjo yake ya kwanza ni kwenye wiki ya 6 hadi ya 8. Hayo yote yalikuwa kwenye karatasi niliyoishika mkononi pale Kange, na mimi kazi yangu ni kadi.

Jumanne hakula. Usiku akatapika povu jeupe. Jumatano asubuhi akaanza kuhara damu, na harufu yake mwenzangu sitaki uijue. Ukiisikia mara moja hutaichanganya tena na kitu kingine. Kijana wa mifugo wa kata yetu, amesoma chuo cha mifugo hapahapa Buhuri, alikuja na pikipiki. Kabla ya lolote alimfungua mdomo. Magego ndiyo kwanza yanachomoza. "Sista, huyu hajafika hata wiki 6," akasema. Kisha akamgeuza, akatazama kinyesi, akanyamaza kidogo. "Ni pavo."

Kirusi cha pavo hushambulia seli zinazojigawa haraka, na kwenye utumbo wa mtoto seli hizo ndizo ukuta wenyewe. Ukuta ukibomoka, maji yanatoka, damu inatoka, bakteria wanapenya kuingia mwilini. Dawa ya kukiua kirusi hatukuwa nayo. Unachofanya ni kumrudishia maji, kuzuia kutapika, kumpa dawa za kupambana na bakteria na kumwombea. Wako wanaopona. Dripu niliitundika kwenye msumari wa pazia, mwanangu akalala sakafuni kando yake siku mbili. Lakini Chui alikuwa ametolewa kwa mama kabla ya wakati, amesafirishwa, hana akiba ya mwili. Pavo hujificha siku 3 hadi 7 hivi kabla ya kujionyesha, kwa hiyo ama alikuja nao kutoka kule, ama aliupata njiani. Nilipompigia dalali aliniambia, "Alikuwa mzima nilipomkabidhi." Kisha akanizuia, meseji zikawa haziendi.

Miezi mitano sikutaka kusikia habari ya mbwa. Kijana wa mifugo ndiye aliyerudi na neno. "Sista, Muheza kuna mzee mmoja anazalisha. Ila ni mgumu." Mgumu vipi? "Nenda utaona."

Nikapiga simu. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu." Nikamwambia shida yangu, nikauliza na bei. Bei hakuitaja. Akasema, "Watoto sina. Ninaye mama mwenye mimba. Njoo kwanza umwone mama, nami nikuone wewe."

Nilikwenda Jumamosi ambayo sikuwa na zamu. Ulikuwa msimu wa machungwa, barabarani yamepangwa mafungu mafungu mpaka unaingia mjini. Kwa babu, mlangoni tu, kuna karai la maji yenye jiki. Akaniambia nivue viatu nikanyagishe soli humo, kisha ninawe mikono kwa sabuni ndipo niingie. Hajui mimi ni muuguzi. Nilipokuwa nanawa nilisikia moyo unatulia kwa mara ya kwanza tangu Chui.

Babu huyu alikuwa askari, Kikosi cha Mbwa na Farasi, amestaafu zamani. Hana mabanda ishirini. Ana majike wawili tu, na mmoja kati yao ni bibi kizee ambaye hazai tena, anakula pensheni yake chini ya mchungwa. Mama mwenye mimba anaitwa Malkia. Babu hakumshika wala kumfunga. Akamwita, akaja mwenyewe, akanusa mkono wangu mbele na nyuma, akanitazama, akaenda kulala miguuni kwa babu. Hakubweka, hakuficha mkia, hakunirukia. "Huyo ndiye unayemnunua," babu akasema. "Mtoto wa wiki 8 huwezi kumjua, kila mtoto mzuri. Mtazame mama. Mama akiwa mwoga, watoto wanajifunza woga kabla hawajajifunza kula."

Malkia alikuwa na miaka 4 na hiyo mimba yake ya pili. Babu alimwacha joto lake la kwanza, la pili, la tatu, mpaka alipotimiza miaka 2 akampeleka Morogoro kupigwa eksirei ya nyonga, ndipo akampandisha. Nikamuuliza kwa nini eksirei, mbona anatembea vizuri? Akanieleza kwamba mbwa wa mbegu hii ana ugonjwa wa nyonga unaorithiwa, kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake. Kwa mtoto hutauona. Anakimbia, anacheza, anafika mwaka mmoja au miwili ndipo unamwona anainuka kwa taabu kama mzee, anaruka na miguu yote miwili ya nyuma kama sungura. Chakula kingi na unene huzidisha, lakini mbegu ndiyo inayoanza. Alinionyesha ile filamu, akaipandisha dirishani kwenye mwanga. Filamu nimeziona nyingi kazini. Nilichokuwa sijawahi kuona ni mtu aliyeipiga kabla ya kuuza.

Baba wa watoto alikuwa dume wa Arusha, wa ukoo mwingine kabisa. Hapo babu alikasirika peke yake, hajakasirishwa na mimi. Alisema watu wanapandisha kaka na dada, baba na binti, ili wapate kuita watoto pyua, na wanunuzi wanalipa zaidi kwa neno hilo. "Mbwa huyu Mjerumani mmoja, Max von Stephanitz, alianza kumwandika kwenye kitabu 1899, akitaka mbwa wa kazi, wa kuchunga kondoo kutwa nzima. Kazi! Leo anauzwa kwa neno pyua na hawezi kupanda ngazi."

Kisha zamu yangu ya kuulizwa ikafika, na hapa ndipo nilipoelewa ule ugumu. Nani anabaki nyumbani mchana? Ua una ukuta au michongoma? Utamfunga mnyororo? Saa ngapi kwa siku? Chakula chake utakitoa wapi mwezi ambao mshahara umechelewa? Kwa nini usichukue mbwa wa kienyeji, ambaye joto la Tanga amelizoea na kubweka anajua? Swali hilo aliliuliza kwa dhati, na mimi nawapa na ninyi mlichukue kwa dhati: kama unachotaka ni kengele ya usiku, mtoto wa mbwa wa kienyeji aliyechanjwa, aliyekaa na mama yake mpaka wiki 8, ni mbwa kamili, na hana manyoya mazito ya kuhangaika nayo mwezi wa pili. Nilimweleza habari za baba na Bosi. Akatikisa kichwa, akakubali.

Akauliza, "Majirani zako ni watu wa swala?" Nikamwambia ukuta kwa ukuta ninaye Bi Mkubwa mmoja, mtu wa swala tano, kamba yake ya nguo iko upande wangu. "Umeshaongea naye?" Sijaongea naye. "Kaongee naye kwanza. Mbwa anayechukiwa na jirani hana maisha, atawekewa sumu na yeyote siku moja."

La mwisho akauliza kama nimewahi kufuga. Nikamsimulia Chui. Hakusema pole kwanza. Aliuliza, "Alihara wapi?"

"Ua mzima, babu."

"Uani kwako ni saruji au udongo?"

"Udongo."

Akakaa kimya, akimpapasa Malkia sikio. "Basi mtoto wangu sikupi, mwanangu."

Niliumia. Nimetoka Pongwe, nimejibu kila swali, pesa ninayo. Lakini alipoeleza sikuwa na la kujibu. Kirusi cha pavo ni sugu, hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na kivulini ndiko kinadumu zaidi. Sakafu ya saruji unaweza kuiosha kwa sabuni kisha jiki, kikombe kimoja kwenye kama lita 8 za maji, ukaiacha dakika 10 imelowa. Udongo huuoshi. Na mtoto wa wiki 8, hata mwenye chanjo ya kweli, bado hajakingwa sawasawa. Dang'a la mama, yale maziwa ya kwanza, linampa kingamwili, na kingamwili hizohizo zinaizima chanjo. Zinapungua kidogo kidogo, kwa kila mtoto siku yake, huyu wiki ya 9, yule wiki ya 14, na hujui ni lini. Ndiyo maana chanjo inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mtoto afike wiki 16. Babu alipofika hapo nilimkatiza, "Kama surua!" Watoto wetu tunawachoma chanjo ya surua miezi 9, si siku ya kuzaliwa, kwa sababu ileile ya kingamwili za mama. Akanitazama. "Kumbe wewe ni nani?" Nikamwambia kazi yangu. Akacheka, akamwita mkewe alete chai.

Tukakubaliana hivi: mtoto wangu abaki kwake mpaka amalize chanjo zote na zipite wiki 2 juu yake. Mimi nitalipa chakula cha miezi hiyo na nitakuja kila Jumamosi ya pili. Kama siwezi kuja, basi simhitaji mbwa.

Malkia alizaa watoto 7. Niliwaona mara ya kwanza wakiwa na wiki 3, kwenye boksi la mbao ambalo lina ubao mdogo umepigiliwa pembeni kuzunguka ili mama akilala asimbane mtoto ukutani. Kila mmoja amefungwa utepe wa rangi yake shingoni. Pembeni, juu ya stuli, kuna mizani ya kuning'iniza ya kupimia dagaa na daftari la shule la kurasa 96. Nikaomba kulitazama. Safu 7, kila safu utepe wake, na kila siku tangu kuzaliwa uzito kwa gramu. Siku ya 5 mtoto wa utepe mweupe hakuongezeka, na kando babu ameandika kwa mkono wake wa kiaskari: "Amewekwa chuchu ya nyuma, mara 4." Siku ya 6 ameongezeka. Siku ya 14: "Dawa ya minyoo wote na mama." Minyoo ya mviringo mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa nayo, inapita kwa mama akiwa tumboni na kwenye maziwa, ndiyo sababu dawa inaanza mapema hivyo. Kalamu zilikuwa tofauti. Mahali pengine ukurasa una alama ya kikombe cha chai. Niliushika ule ukurasa nikakumbuka ile kadi ya njano, machozi yakanitoka mbele ya mtu mzima.

Bi Mkubwa nilimwendea Ijumaa moja baada ya swala, nimebeba sahani ya vitumbua. Nilijiandaa kwa maneno mazito. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mbwa wa kulinda sina ugomvi naye, mwanangu. Mbwa mkavu akinipita sina neno. Mate yake ndiyo kazi, yakigusa nguo ya swala ni kuosha mara saba, moja yake kwa udongo, na mimi mgongo huu siuwezi." Alichotaka ni banda lihamie upande wa pili, mbali na kamba yake, na mbwa asiwe na njia ya kupita ukutani. Nikahamisha banda kabla mbwa hajaja. Babu nilipomwambia aliandika na hilo.

Mtoto sikumchagua mimi. Nilimtaka dume mmoja mkubwa wa utepe mwekundu, kila nikifika ananikimbilia ananing'ata lemba. Babu akakataa. "Huyo anataka mtu wa kutwa nzima kazini naye. Wewe una zamu za usiku na una mtoto. Chukua huyu wa kijani." Wa kijani alikuwa jike, anakaa nyuma kidogo, anatazama kwanza, kisha anakuja. Nilimkagua kwa mikono yangu. Nikambonyeza ufizi ukaenda mweupe ukarudi wa waridi kabla sijahesabu mbili. Macho hayana tongotongo, masikio hayanuki, kitovu kimefungana, tumbo si la duara na gumu kama la mwenye minyoo, makalio makavu. Nikamwita Tausi.

Jambo moja lilinitia hofu: akikaa kwa babu miezi minne, hatakuwa mgeni kwangu? Babu alisema umri wa kati ya wiki 3 na kama 14 ndio mbwa anaoijua dunia, anachokutana nacho hapo kwa wema hakiogopi tena. Kumfungia ndani mpaka chanjo ziishe ni kumharibu, na kumtembeza chini ni kumuua. Kwa hiyo alimbeba. Mzee wa umri ule, kila siku asubuhi, mtoto yuko ndani ya kikapu, mpaka stendi ya Muheza. Honi, mikokoteni, wanawake wa buibui, wapiga debe, watoto wa shule. Hakumweka chini hata mara moja. Mimi nilileta kanga niliyoilalia, akailalia yeye, na mwanangu alikuja nami kila nilipokwenda, akimsomea kitabu chake cha darasa la nne.

Kuhusu kichaa cha mbwa siwezi kunyamaza, maana kazini nimeona. Nilimuuliza babu kadi ya Malkia kabla ya kitu kingine, akaitoa: chanjo ya kichaa kila mwaka, stika zote zipo. Mtoto wa mbwa huchomwa akitimiza miezi 3. Ukinunua kwa mtu ambaye hajui mama wa watoto amechanjwa lini, hujui watoto wamelambwa na nani. Ugonjwa huo dalili zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Akikung'ata mbwa yeyote, wako au wa jirani, osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha njoo hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kumwangalia mbwa. Nawaomba sana hilo.

Siku ya kumchukua Tausi babu alitoa karatasi mbili, moja yangu moja yake, na jirani yake kama shahidi. Bei 500,000, chanjo zote ndani yake. Nikampime kwa daktari wa mifugo nimtakaye ndani ya siku 3, akikutwa na kasoro ya kuzaliwa pesa inarudi. Asizalishwe kabla ya miaka 2 na kabla ya eksirei. Na kifungu ambacho alikisoma kwa sauti mara mbili: nikishindwa kumfuga, kwa sababu yoyote, wakati wowote, simuuzi, simgawi, simtupi. Namrudisha Muheza. "Hata akiwa mzee kipofu," akasema, "mlango wake ni huu."

Tulirudi kwa gari la kukodi, Tausi mapajani kwa mwanangu, dirisha limefunguliwa kidogo. Hakutapika. Tulipofika hakwenda upande wa mwarobaini, na mimi sikumpeleka.

Sasa ana mwaka na miezi 2. Namtembeza saa 11 alfajiri kabla jua halijawa kali, mchana analala barazani kwenye saruji iliyomwagiwa maji. Akibweka usiku Bi Mkubwa hunipigia simu kabla mimi sijaamka, aniulize Tausi kaona nini. Babu naye hupiga kila mwisho wa mwezi. Hasalimii sana. Juzi alipiga niko jikoni: "Kilo ngapi?" Nikamwambia asubiri. Nikamnyanyua Tausi nikapanda naye kwenye mizani ya chumbani, 98 na nusu, nikamshusha nikapanda peke yangu, 71.

"Ishirini na saba na nusu, babu."

Upande wa pili nikasikia daftari linafunuliwa, na kalamu.